Mwaka wa Picha Isiyokuwa na Steringi

Bi Mwana tulimzika mwezi uliopita hapa Kisauni, na siku ya hitima yake nilikula pilau sahani mbili. Mimi si Mwislamu, lakini mtu aliyenilisha mkate wa mofa karibu mwaka mzima hawezi kuona vibaya nikila kwake mara ya mwisho. Baada ya dua wanawake waliingia ndani na masinia, wazee wakabaki na kahawa, na vijana wakajikusanya pembeni chini ya turubai. Nilikuwa nimeegemea ukuta, macho nimefumba, wakadhani nimelala. Walikuwa wakiteta juu ya picha mpya ya vita ambayo wote walikuwa wameitazama katika simu. Mmoja, kijana mrefu wa ukoo wao, alikuwa akisema, "Yule mtoto kuchinjwa mbele ya macho yetu kulikuwa na haja gani? Wallahi nilizima." Salma, mjukuu wa marehemu, ambaye amesomea hiyo kazi ya kutengeneza picha, akamjibu, "Ndiyo maana waikumbuka mpaka leo. Ungeambiwa tu watu wengi walikufa, ungeendelea kutafuna mahamri yako." Kijana naye hakukubali. "Na hivi nimekosa kutafuna, nani amepona?" Wakacheka, mpaka wakakumbuka wako wapi.

Salma ndiye aliyenifumbua macho. "Babu Karisa, najua hujalala. Wewe si ulikuwa na banda la video? Damu ulikuwa ukiionyesha ama ukiikata?" Nikamwambia nilikuwa nikiionyesha, na aliyenipa ruhusa ni nyanyake. Alinitazama kama niliyemtusi. "Nyanya? Nyanya hakuwa akitazama hata taarifa ya habari!" Nikamwambia akae. Lakini mashangazi wakawa wanamwita akakusanye sahani, mtu huyu anaaga, yule anaomba gari, na mimi sipendi kusimulia jambo kwa vipande. Kwa hiyo nimeliandika. Niliacha shule darasa la tatu, na haya nimeyaandika kwa mkono wangu. Salma amenisaidia kuweka nukta, maneno nimemkataza kuyagusa.

Ya kuzaliwa kwangu na ya wazazi wangu nayaacha, hayana kazi hapa. Mwaka ninaoutaka nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimebeba magunia katika maghala ya Changamwe mpaka shingo ikaota sugu, na kwa shingo hiyo nikanunua televisheni na deki ya video kutoka kwa baharia mmoja aliyekuwa na haraka ya kuondoka. Nikajenga banda Ziwa la Ng'ombe. Siku hizi watu wananijua kwa nyumba zangu za kupangisha pale Bombolulu, lakini hakuna nyumba niliyoijenga ikanipa kiburi kama lile banda. Kuta za mabati makuukuu, paa la makuti, mabenchi sita ya mbao za masanduku, na katika kila tundu la ukuta nilisokomeza gunia ili mwanga usiingie ukaua picha. Ndani kulikuwa na joto la tanuri. Watu walitoka wamelowa jasho kama waliotoka kuvua, na kesho walirudi.

Kabla sijafungua, wazee wa mtaa walinijia na masharti mawili. Saa za swala nizime, na mambo ya utupu yasionekane. Nikakubali yote mawili, na la pili nililifanyia kazi kweli kweli. Nilichukua kanga moja kuukuu nikaifunga kwenye ufito, nikakaa kando ya televisheni, na kila midomo ya mwanamume na mwanamke ilipokaribiana nilikuwa nimeshakifunika kioo kizima. Watu walipiga kelele, "Funua, Karisa! Wametoka! Wameshavaa!" Nilisikiliza sauti mpaka nikaridhika, ndipo nafunua. Nilikuwa hodari. Kuna watu waliokuja miezi bila kuona busu hata moja, na wazee walinisifu msikitini na kanisani. Juu ya watu kuuana hawakusema neno wazee, wala mimi sikuuliza. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi na bado linanishangaza. Tulikaa kikao kizima, watu wazima, tukajadili hata mikono ya nguo za wanawake iwe na urefu gani, na hakuna aliyekumbuka kisu.

Mwenzangu katika kazi alikuwa Katana, mtafsiri. Picha zilikuwa za Kizungu na za lugha nyingine nisizozijua hata jina, na Katana alisimama na kijiti mkononi akiwaeleza watu nini kinasemwa. Kiingereza chake kilikuwa sawa na changu, yaani hakikuwapo. Alibuni. Jenerali akifoka, Katana anasema, "Nani amekula mbaazi zangu?" Mwanamke akilia kwenye simu, Katana anasema, "Mama, huku mji hauna maji tangu Jumanne." Watu walianguka kwenye mabenchi kwa kicheko. Wengine walimfuata Katana kuliko picha yenyewe, na mimi nililijua hilo nikajifanya silijui.

Kanda ninayotaka kuisimulia aliileta yeye, katikati ya mwaka. Nje ilikuwa na picha ya askari na bunduki, kwa hiyo tukajua ni ya vita, na vita iliuzika. Katana akaandika kwenye ubao kwa chaki, VITA YA KWELI, banda likajaa saa tisa kamili. Askari mmoja anambusu mkewe, nikafunika, nikafunua. Anakwenda vitani, wote tukajua huyu ndiye steringi, shujaa wa picha, kwa sababu ndiye mwenye sura nzuri. Haikupita muda akapigwa risasi akafa. Watu wakasimama. "Steringi hafi! Mmetuletea kanda mbovu!" Tukangoja ainuke. Hakuinuka. Picha ikamwacha pale barabarani ikaenda kwenye mji mdogo wa nyumba za matofali, mvua inanyesha, na askari wa upande mwingine wakaingia, wakakusanya watu wakawatia katika shule. Yaliyofuata siyaelezi yote. Ile kamera haikugeuza uso. Nilikuwa nimezoea picha ambazo mtu akipigwa unaona anayepiga, kisha unaona mti, kisha maiti. Hii haikuonyesha mti. Siku hiyo ya kwanza hata Katana alikiteremsha kijiti, na watu walitoka bila kuagana.

Nilidhani hawatarudi. Wakarudi na ndugu zao. Na hapa ndipo palipoanza udadisi wangu, kwa sababu mimi nilikaa kando ya kioo, uso wangu ukielekea watu, nikaona yale wasiyoyaona wenyewe. Siku ya kwanza walikuwa kimya. Siku ya pili mmoja alimwonya mwanamke wa kwenye picha, "Usifungue!" Siku ya tatu Katana alipata sauti akaanza maneno yake. Siku ya nne walikuwa wanapiga makofi mtu akianguka, na wale waliokwishaiona wanawaambia wageni, "Ngoja, ngoja, sasa yule mtoto!" Watu ni wale wale, wazuri, majirani zangu, waliokuwa wakiombeana wagonjwa. Sijui kama picha iliwabadilisha au iliwachosha, na Salma na masomo yake yote hakuweza kunijibu nilipomuuliza.

Nyuma ya banda, ukuta mmoja wa mabati kati yetu, walikaa Fundi Omari na mkewe Bi Mwana. Walitoka Barawa kwa kukimbia vita, wakakaa kambini kwenye mahema kwa muda, kisha Fundi akapata kazi ya makubadhi wakapanga chumba kile. Kiswahili chao kilikuwa na ladha nyingine, mwanzo nilikipata nusu nusu. Chumba kilikuwa na kitanda, sanduku, na ngozi za Fundi zikining'inia kwenye kamba, na nje mlangoni Bi Mwana alijenga tanuri la udongo la kuokea mofa. Unga aliuumua tangu mchana, akaoka alasiri, na kabla ya magharibi watu wa mtaa walikuja kununua. Mimi sikununua. Aliniona ninaishi peke yangu, akawa kila siku ananitilia mmoja kwenye sahani na mchuzi wa papa. Maneno yake kwangu yalikuwa hayo hayo, "Mwanangu, umekula?" Nikisema bado, anatikisa kichwa kama niliyefeli mtihani.

Spika yangu moja niliitundika nje ili wapitao barabarani wasikie na waingie. Mahali penye nguzo imara palikuwa juu ya mlango wa Bi Mwana, nikaitundika hapo. Sikumwomba. Niliona ni nguzo, sikuona ni mlango wa mtu. Tangu kanda ile ije, saa tisa ikifika Bi Mwana alifunika unga wake kwa kitambaa akaondoka, akaenda kukaa kwenye jiwe karibu na bomba la maji mpaka tuzime. Nilidhani ana mazungumzo na wanawake wenzake. Unga ukabaki ukiumuka bila mwenyewe, na mofa zikawa chachu. Na mimi, ninayekula bure, siku moja nilimwambia mbele ya wateja, "Bi Mwana, siku hizi mkate wako wachacha." Akasema, "Samahani, mwanangu, nitaangalia." Nikiwa na aibu moja tu katika maisha yangu, na iwe hiyo.

Siku chache baadaye Fundi Omari alibisha hodi bandani asubuhi, nikifagia.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nimekuja na neno, si la ugomvi. Hicho chombo chako cha sauti kiko juu ya mlango wangu."

"Kiko kwenye nguzo, Fundi."

"Na nguzo iko wapi?" Nikaendelea kufagia. "Mke wangu hawezi. Wakianza kulia wale watu wako, hawezi kukaa."

Nilikuwa kijana mwenye mali, na kijana mwenye mali hapendi kuombwa kitu mara ya kwanza. Nikamwambia banda hili nimelijenga kwa mgongo wangu. Akasema analijua hilo, aliniona. Nikamwambia basi amweleze mkewe kwamba ni mchezo, watu wale wanapakwa rangi nyekundu, wakimaliza wanainuka wanakwenda kunywa chai. Fundi akasema polepole, bila ukali wowote, "Alhamdulillahi, kwa hao wanaoinuka."

Ufagio ukabaki mkononi mwangu. Sikuwa mtu wa kuomba radhi, sikuzoea, kwa hiyo nikafanya nililoliweza. Nikamwambia, "Fundi, njoo leo uitazame. Wewe umeviona vita, mimi sijaviona. Uniambie kama ni kweli." Nasema wazi kwamba sikumwita kwa wema. Nilitaka kujua. Nilikuwa nimeitazama picha ile mara nyingi kuliko mtu yeyote katika Kisauni, nikitazama vifo na nyuso za watazamaji, na swali lilikuwa linanila: hivi ndivyo ilivyo, au tunadanganywa? Na kama tunadanganywa, mbona nashindwa kula nyama siku hizi?

Alikuja, akakaa benchi la nyuma. Nilifunika busu kwa kanga kama kawaida. Katana alikuwa na siku yake, watu walicheka mpaka mabati yakatetemeka, na katika sehemu ya shule wakapiga makofi. Fundi hakutikisika. Watu walipotoka akabaki amekaa, nikamfuata.

"Yule mwanamke wa mwanzo," akasema, "alikuwa mkewe?"

"Nadhani ni mkewe."

"Mume ambusu mkewe, ukafunika."

"Ndiyo."

"Kisha yule mwingine amkata mtoto, ukawacha wazi."

"Wazee hawakusema kitu juu ya hilo."

"Nakuuliza wewe."

"Sikufikiri, Fundi. Huo ndio ukweli."

Alikubali kwa kichwa, kama aliyepata jibu zuri. Kisha akaniambia jambo ambalo sitalisahau. "Wale waliolala chini, wote wamevaa viatu. Aliyeitengeneza hakuwako. Kiatu ndicho cha kwanza kuondoka. Viatu vya watu wangu niliviona miguuni mwa wale waliowaua, vyapita barabarani, na ni kazi ya mkono wangu, mshono naujua."

Nikamuuliza kama basi ile picha ni uongo mtupu, niitupe. Hapana, hakusema hivyo. Damu yake ni sawa, akasema, na ya kweli ilikuwa nyingi zaidi. Kambini alikuja mtu mwenye kalamu kumuuliza yaliyompata, akamweleza yote, na yule mtu alisikiliza kama anayetajiwa bei ya samaki. "Angekuwa ameona picha kama hii kwanza, pengine angeniuliza vizuri." Nikasema, "Kwa hiyo wataka niendelee kuionyesha." Akapangusa uso kwa kofia. "Mimi nataka watu waone. Mke wangu ataka asisikie. Sote wawili tuna haki, na chumba chetu ni kimoja. Kwa hivyo mwisho wa mwezi twahama." Nilipouliza wanahamia wapi, alisema wanarudi kambini, kwenye mahema. Pengine pa kwenda hapakuwapo.

Sikuipenda habari hiyo. Siku ile ile niliipandia nguzo nikaiteremsha spika. Lakini ukuta wa mabati hauzuii kitu, na saa tisa Bi Mwana alikuwa ameshafika kwenye jiwe lake. Nikamwambia Katana tuirudishe kanda tulikoitoa. Akaruka. Picha iliyojaza banda kuliko zote, niirudishe kwa sababu ya jirani?

"Watu wacheka mtoto akikatwa, Katana. Ni watu gani hao?"

"Wanicheka mimi!" akasema. "Mimi ndiye nawachekesha. Wewe wadhani napenda? Siku ya kwanza uliwaona walivyotoka, kama waliofiwa. Nikiinyamazia picha ile watakwenda nayo nyumbani. Ndivyo wataka, Karisa, mtu atoke kwako na maiti kifuani?"

Nakiri kwamba sehemu ya maneno yake naiheshimu mpaka leo. Nilimdhani mjinga, kumbe alikuwa akiwashikia watu kanga yake mwenyewe, ya maneno. Tulinuniana siku mbili, na mwezi ulikuwa ukiisha. Niliona Fundi ameanza kuteremsha ngozi kutoka kwenye kamba.

Asubuhi ya siku ya tatu nilisikia hodi ya mwanamke. Bi Mwana alikuwa amesimama mlangoni, unga mikononi, buibui amelivaa harakaharaka. Hakuuliza kama nimekula.

"Mwanangu, nataka kuiona."

"Kuiona nini, mama?"

"Hiyo picha. Nimeisikia siku nyingi. Masikio yangu yameitengenezea picha yake yenyewe, na hiyo yangu ndiyo mbaya. Nionyeshe yako."

Nikamuuliza kama Fundi anajua. Akasema Fundi yuko kazini, na macho ni yake yeye. Basi nikamfutia benchi la mbele, nikasukuma komeo la mlango kama ilivyokuwa desturi, maana wapita bure hawakosekani, nikatia kanda. Nilisimama mahali pangu na ufito mkononi. Hata busu la mwanzo niliacha lipite, nikaona aibu, naye hakuonyesha dalili yoyote. Ilipofika shule, mkono wangu wenyewe ulikwenda, nikafunika kioo.

"Ondoa," akasema.

"Mama..."

"Karisa, ondoa hiyo nguo. Kulisikia nimelisikia."

Nikaiondoa. Alitazama jinsi fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake. Akawa ananiuliza, sauti ya chini, bila kuondoa macho: yule mzee amekwenda upande gani, mbona yule hakujificha nyuma ya mlango, yule askari mdogo mbona amesimama tu. Nikamjibu kila nililolijua, na nilikuwa nayajua yote, kwa kuwa nilikuwa nimeitazama sana. Mtoto alipolia, Bi Mwana akasogea mbele mpaka ukingoni mwa benchi. "Wangu hakulia hivyo," akasema. "Wangu hakutoa sauti kabisa." Kisha akatazama mpaka mwisho, mpaka majina ya Kizungu yakaanza kupanda, na jicho lake lilikuwa kavu.

"Rudisha," akasema.

Nilirudisha mpaka kwenye shule. "Siyo hapo. Nyuma. Pale mwanamke anapochagua maharagwe." Sikukumbuka kitu kama hicho. Mara zote zile nilizoitazama, sikukumbuka. Nikarudisha polepole, na kweli, kabla askari hawajaingia mjini kuna mwanamke jikoni kwake, dirisha lina mvua, ana sinia mapajani anachagua maharagwe, anatupa mabovu kwenye kopo. Muda wake ni wa kumeza mate mara mbili. Bi Mwana akaniambia nirudishe tena, na mara ya tatu. Hapo ndipo alipolia, mahali ambapo hakuna aliyeguswa. "Mimi nilikuwa nachagua mchele," akasema. "Hilo hakuna mtu aliyeniuliza."

Nikazima deki. Aliinuka akaenda mlangoni, akakuta komeo. Akaliwekea mkono, na mkono ukakataa. Alisimama pale amekigeukia chuma kile kama aliyesahau kinavyofanya kazi. "Fungua," akasema, kisha kwa nguvu, "Fungua, fungua!" Nikaruka benchi nikafungua. Akatoka akakaa kizingitini, anavuta pumzi, nami nikachuchumaa mbele yake na kumwambia sitaionyesha tena, namwapia, nitaichoma moto leo.

Akanikasirikia. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona amekasirika. "Nani amekwambia uichome? Wale walioshikwa mle ndani utawachoma mara ya pili? Onyesha. Lakini mlango wako usiufunge. Sisi tulifungiwa. Hawa watu wako wana pa kwenda, basi anayeshindwa aende kwao. Watoto usiwatie. Na yule mwenzako mwambie anyamaze, simtaki mtu aniongeleshee maiti." Nikasema sawa, kwa kila moja. Kisha nikauliza kama watahama. Alipangusa uso kwa kiganja chenye unga. "Zamani nilikuwa nasikia kilio na sijui cha nani. Sasa namjua ni nani na najua kinachokuja baada yake. Nitajaribu kuoka."

Salma akisoma hapa atataka nimpe hukumu, ndiyo ama siyo. Sina. Najua nyanyake aliitaka damu ionekane, na najua damu siyo iliyomliza. Najua walioitengeneza walimwaga rangi nyingi na hawakumuuliza fundi wa viatu hata mmoja. Nilichokuwa nacho ni mlango tu, na nilifanya alivyoniambia.

Alasiri ile niliufungua wazi nikauegemeza jiwe. Jua likaingia mpaka katikati ya mabenchi, na kioo kikapauka, ukiwa nyuma huoni kitu. Watu wakapiga kelele. "Karisa, funga! Picha haionekani!" Nikasimama nikawaambia leo mlango haufungwi, anayetaka kuona asogee karibu, asiyetaka kuona atoke wakati wowote na hatachekwa. Katana, niliyekwisha kumpa ujumbe wa Bi Mwana, alikuwa amekaa benchini kama mtu mwingine yeyote, mikono mapajani, hajui pa kuiweka. Wakasogea, mabega kwa mabega, wengine wakakaa chini mchangani. Hakuna aliyesema neno, kwa hiyo tukasikia mvua ya kwenye picha, ambayo hatukuwahi kuisikia. Ilipofika shule, mtu wa kwanza akatoka. Wa pili alikuwa Katana. Wakatoka wengine, kimya, kila mmoja akipita kwenye mwanga na kivuli chake kikipita juu ya kioo. Waliobaki walikuwa karibu nusu. Halafu mtoto akaanza kulia, na mimi mwenye banda, niliyemsikia mara ngapi sijui, nikajikuta niko nje.

Bi Mwana alikuwa kwenye tanuri lake, mkono mmoja umeshikilia ukingo wake, mwingine unabandika unga. Jasho lilimtiririka. Kilio kilikuwa kinatoka mlangoni wazi kabisa, na alikuwa anabandika.

"Umetoka?" akaniuliza.

"Nimetoka, mama."

"Waweza kurudi?"

Nilijipima. "Naweza."

"Basi rudi. Wasikae peke yao mle."

Sikumuuliza ni kina nani, wa kwenye mabenchi au wa kwenye kioo. Nikarudi nikakaa nao.